Neno "Kizazi" na Uzito Wake katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Maneno yenye maana mbili ni mengi katika Kiswahili, na mara nyingi hayamdhuru mtu. Asemaye kwamba amenunua kaa kwa wavuvi wa Kilwa Kivinje hadhaniwi kuwa amebeba kaa la moto kikapuni. Sentensi yenyewe yatosha kulipambanua neno. Lakini liko neno moja ambalo sentensi hailisaidii, nalo ni kizazi. Latumika kwa watu waliozaliwa katika zama moja. Latumika kwa ukoo ushukao kutoka kwa mtu. Latumika kwa uwezo wa kuzaa. Tena latumika kwa kile kiungo cha mwanamke ambamo mimba hukaa hata siku ya kuzaliwa mtoto. Maana hizi zaweza kuingia, moja baada ya moja, katika sentensi ile ile, na kila mara sentensi ikawa sahihi. Na kwa kuwa walimu na mapadre ndio waitwao kusoma barua za zahanati mbele ya wazazi, nao ndio waletewao mashauri ya ndoa yatokanayo na neno hili, twaona yafaa tulipime kwa makini.

Tuanze na umbo lake. Shina ni zaa, ambalo zamani lilikuwa na sauti ya l, kama ionekanavyo bado katika zaliwa na zalia. Sauti hiyo ikikutana na i ya mwisho hugeuka kuwa z. Ndivyo lala litupavyo malazi, na zaa litupavyo mzazi, uzazi na kizazi. Majina yaishiayo kwa i hiyo mara nyingi humtaja mtenda: mlinzi hulinda, mwizi huiba, mzazi huzaa. Hata yaanzayo kwa ki hufuata njia hiyo, kama kinyozi anyoaye na kiongozi aongozaye. Basi kwa umbo lake kizazi chaweza kuwa kile kizaacho, wala si lazima kiwe kile kilichozaliwa. Twalisema hili kwa sababu wako wadhanio kwamba kukiita kiungo kizazi ni upotovu wa siku hizi, uliozuliwa na wauza dawa. Sivyo. Neno lastahili maana hiyo kwa haki ya sarufi.

Wala Kiswahili si peke yake katika jambo hili. Neno la Kiarabu rahim ni tumbo la uzazi, na pia ni udugu wa damu. Mwislamu ahimizwapo kuunga udugu na jamaa zake, ahimizwa kwa jina la kiungo hicho. Katika Kiebrania neno la tumbo la uzazi na neno la rehema yana mzizi mmoja, kama wajuavyo wasomaji wetu waliopata kusoma Agano la Kale katika lugha yake; na rehema yetu wenyewe imetujia kutoka katika mzizi huo wa Kiarabu. Mataifa mengi, basi, yameona kiungo na ukoo kuwa karibu mno. Kosa tunalolitafuta si la neno, ni la namna lifungwavyo pamoja na maneno mengine.

Kiungo chenyewe ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mwanamke asiye na mimba, urefu wake ni kama sentimita 7 au 8, na umbo lake ni kama pera lililopinduliwa juu chini. Ni msuli mnene wenye uwazi mwembamba ndani. Juu, kulia na kushoto, hutoka mirija miwili iendayo kwenye vifuko vya mayai. Chini hubanwa kikawa kama shingo, na shingo hiyo huishia ukeni. Yai la mama huungana na mbegu ya baba ndani ya mrija, siyo ndani ya kizazi. Baadaye hushuka na kujishika katika ukuta wa kizazi, na hapo mtoto hukua. Mambo haya hatuyaelezi kwa kutaka kuwafundisha wauguzi kazi yao. Twayaeleza kwa sababu bila ya kuijua mirija hiyo mtu hawezi kuona mahali lugha inapopotoka.

Katika maneno ya zahanati na ya baraza, kizazi hutolewa, husafishwa, hushuka, na hufungwa. Vitenzi vitatu vya kwanza vyataja kiungo kweli kweli. Kutoa kizazi ni kukiondoa kwa upasuaji. Kusafisha kizazi ni kuondoa mabaki baada ya mimba kuharibika (ingawa wauza miti shamba wamekichukua kitenzi hiki kwa kila kinywaji kichungu kitiwacho katika chupa). Kushuka ni kuteremka kwa kiungo kwa sababu misuli ikishikiliayo imelegea. Hapa msikilizaji hapotei.

Kufunga kizazi ni jambo jingine. Kwa daktari, maana yake ni upasuaji mdogo ambao mirija ile miwili hufungwa au hukatwa, ili yai lisikutane na mbegu. Kizazi chenyewe hakiguswi; chabaki mahali pake, na hedhi huendelea kuja. Jambo hili laonekana wazi zaidi tukitazama upande wa wanaume, maana husemwa pia kwamba mwanamume amefunga kizazi, naye kiungo hicho hana kamwe. Kilichokatwa kwake ni mirija ipitishayo mbegu. Kwa hiyo katika maneno haya kizazi ni uwezo, si kiungo. Lakini mwanamke aliyesikia juzi kwamba jirani yake ametolewa kizazi, na leo mwenyewe aambiwa kwamba aweza kufungwa kizazi, atatambuaje kwamba kizazi cha juzi kilikuwa nyama na cha leo ni uwezo? Ana haki ya kufikiri kwamba kiungo kitazibwa kama chupa. Na akifikiri hivyo, ana haki pia ya kuuliza damu ya kila mwezi itapita wapi, na kuogopa kwamba itamkaa ndani. Hofu hiyo si ujinga. Ni hesabu njema iliyofanywa kwa tarakimu mbaya alizopewa na wengine.

Kwa mganga, maneno yale yale yana maana ya tatu. Mwanamke aliyefungwa kizazi ni yule aliyefanyiwa ubaya na mtu, na kilichofungwa kwa ubaya chatazamiwa kufunguliwa kwa dawa. Tena iko habari ya Hana mamaye Samweli, ambaye Maandiko yasema kwamba Mungu ndiye aliyemzuilia watoto. Wafasiri wa Kiswahili walilichagua hapo neno tumbo, nasi twawashukuru, kwani wangaliandika kizazi, habari ya Hana ingalisikika leo kama habari ya chumba cha upasuaji.

Fikirini, basi, juu ya padre ajiwaye na mume asemaye, "Baba, mke wangu amefungwa kizazi." Amekuja kumshitaki jirani, au daktari, au mke mwenyewe aliyekwenda hospitali bila ya kumwambia? Au hamshitaki mtu, ameleta huzuni yake tu? Kabla ya kumjibu neno lo lote, padre hana budi kuuliza nani amefunga, wapi, na kwa ridhaa ya nani. Maswali hayo si ya ubishi. Mke aweza kurudishwa kwao kwa sababu ya jibu lililotolewa kabla ya swali kuulizwa. Na akisharudishwa, ni kazi kubwa kumrejesha kwa maelezo ya mirija.

Katika pwani yetu shida hii huzidi, kwa sababu ya watu wenyewe. Katika miji ya kale ya Waswahili, Kilwa Kisiwani na Kivinje na Lindi, nasaba huhesabiwa zaidi kwa baba, kwa kufuata sheria ya Kiislamu. Lakini Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, wakaao katika vijiji vya nyuma ya pwani na katika miji hiyo pia, kwa desturi yao ya asili wamehesabu ukoo kwa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na neno juu ya watoto wa dada yake, na mtoto wa dada ndiye aliyemrithi. Desturi hizi zimepungua nguvu kwa kuenea kwa dini, na shule, na sheria za nchi. Lakini lugha huchelewa kusahau. Kwa watu hao tumbo la mama si njia tu ambayo ukoo wa baba hupitia. Ndilo ukoo wenyewe. Tunaposema kwa Kiswahili kwamba watu fulani ni wa tumbo moja, Mswahili husikia ndugu wa mama mmoja. Mmwera aliyelelewa katika desturi yake aweza kusikia jambo pana kuliko hilo, yaani bibi na mama wa bibi na wote waliotoka kwao. Kwa mtu wa namna hiyo maana ya kiungo na maana ya ukoo hazigombani katika neno kizazi. Zakaa pamoja kwa amani. Mwanamke wake akifungwa kizazi, aweza kuona kwamba imefungwa nyumba ya mjomba. Tafsiri isemayo "ni mirija tu" haijamjibu.

Juu ya hayo limeongezwa neno mlango. Ile sehemu nyembamba ya chini ya kiungo, wataalamu wa Ulaya waliiita shingo kwa Kilatini. Kiswahili kina shingo ya kizazi, na kina mlango wa kizazi, na hili la pili limeenea mno kwa sababu ya saratani ishikayo mahali hapo. Sasa, mlango kwa Waswahili ni pia tawi la ukoo. Watu wa mlango mmoja ni watu wa asili moja. Hivyo katika mlango wa kizazi, neno la kwanza lina ukoo ndani yake na neno la pili lina ukoo ndani yake, na katikati ya maneno hayo mawili imeketi saratani. Tena mlango ni kitu kifungwacho. Shingo haifungwi. Kama tungaliulizwa mwanzoni, tungalichagua shingo bila ya kusita.

Saratani hiyo si jambo la kupuuzwa. Ndiyo inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine zote. Kwa makadirio ya mwaka wa 2020, walioipata upya mwaka huo walizidi 10,000. Chanzo chake, karibu kila mara, ni kirusi cha papiloma, kiambukizwacho kwa kujamiiana, nacho hukaa mwilini miaka mingi kabla ya ugonjwa kuonekana. Kwa ajili hiyo serikali ilianza mwezi wa Aprili 2018 kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchini kote, dozi mbili kila mmoja. Na tangu Aprili 2024 imekuwa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hata 14. Chanjo hudungwa sehemu ya juu ya mkono, nayo huufundisha mwili kukitambua kirusi na kupigana nacho. Haipunguzi uwezo wa kuzaa.

Wasichana wengi wa umri huo wako shuleni, kwa hiyo habari yao hupitia kinywani mwa mwalimu. Jina kamili ni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na jina refu kama hilo halifiki nyumbani zima. Kwanza hudondoka kuzuia, kisha mlango; na siku mtoto akiwa na haraka hudondoka saratani, likabaki jina la chanjo ya kizazi. Mama aliyekwisha kusikia habari za kufunga kizazi alipokeeje jina hilo? Uvumi kwamba chanjo hii huwafanya wasichana kuwa tasa umesikika katika nchi nyingi, hata zile ambazo lugha zao hazina neno kama letu, basi hatusemi kwamba neno ndilo lililouzaa uvumi. Twasema kwamba ulipofika kwetu ulikuta nyumba imekwisha kujengwa.

Wako watakaojibu kwamba mambo haya tuwaachie makungwi na manyakanga, ambao tangu zamani wamewafundisha wasichana katika unyago. Twaiheshimu kazi yao, wala hatuwi wa kwanza kuiheshimu. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, aliyeshika uaskofu tangu 1926 hata 1944, alijulikana kwa kutaka jando lisifutwe bali lipewe sura ya Kikristo. Lakini mafundisho ya unyago hutolewa kwa nyimbo na kwa mafumbo, na fumbo lina kazi yake: aliyefundishwa aelewe, na asiyefundishwa apite njia. Neno la shule na la zahanati lina kazi kinyume cha hiyo. Yatakiwa aliye nje asikie na aelewe mara ya kwanza. Kizazi limekuwa fumbo bila ya mtu ye yote kulikusudia, na bila ya kungwi wa kulifumbua.

Tutumie neno gani, basi, tukitaka kutaja kiungo? Tumbo lina heshima, na wazee hulipenda. Lakini tumbo ni la chakula pia. Mtoto wa darasa la tano aambiwaye kwamba mtoto mchanga hukaa tumboni humweka kati ya wali na samaki, na akiuliza mbona hasagwi, mwalimu hana la kufanya ila kuanza somo upya. Tumbo la uzazi ni afadhali kidogo. Mfuko wa uzazi laeleweka karibu kila mahali, wala hatumlaumu alitumiaye. Ila mfuko ni kitu kilegevu, kikaacho kikingoja kutiwa vitu na mtu mwingine, ilhali kiungo hiki ni msuli wenye nguvu, nacho ndicho kimsukumacho mtoto nje. Mwanamke aliyepata uchungu wa kuzaa hakiiti mfuko kwa moyo wake wote. Uterasi, neno la kukopa, ni safi kabisa, maana halina maana nyingine. Ni safi kama chungu ambacho hakijapikiwa kitu. Lafaa mtihani. Mama wa Nangurukuru hana la kufanya nalo.

Liko neno mji wa mimba, nalo ndilo tulipendalo. Mji hapa si mji wa maduka. Wanawake wote wa pwani wajua kwamba kanga ina pindo na ina mji, na kwamba mji ni ile sehemu ya katikati iliyozungukwa na pindo pande zote nne. Mwalimu wa kike aweza kuikunjua kanga mezani na kusema: hapa katikati ndipo mimba ikaapo, na ukingo huu ni ukuta wa msuli. Hatujapata mfano mwingine ulio karibu hivyo na mkono wa mwanafunzi. Kasoro zake twazijua. Vijana wengi wa leo wakisikia mji hufikiri Lindi au Dar es Salaam. Na kumwambia mtu kwamba mkewe ametolewa mji kwaleta kicheko mahali pasipo pa kicheko. Lakini neno hili, likiandamana daima na mimba, lina sifa moja kubwa: lakataa kutumiwa vibaya. Hakuna awezaye kusema "mji wa mimba wa vijana wa leo," wala hakuna mwanamume awezaye kuambiwa kwamba amefungwa mji wa mimba.

Hatusemi kwamba kizazi lifukuzwe katika somo la mwili. Mlango wa kizazi limekwisha kuandikwa katika mabango na katika vyeti, na mwanamke atakayefika zahanati akitaja shingo ya mji wa mimba huenda akatazamwa tu. Ubaoni, basi, na liandikwe mji wa mimba kwanza, kisha kizazi kando yake, mara moja, ili msichana alitambue atakapolikuta hospitali. Upasuaji uitwe kufunga mirija: mirija ya mayai kwa mwanamke, mirija ya mbegu kwa mwanamume. Maneno kufungwa kizazi tuwaachie wale wenye malalamiko au huzuni, ili padre ayasikiapo ajue kwamba ameletewa shauri la moyo na si habari ya hospitali. Na chanjo iitwe chanjo ya saratani, hayo yakiwa maneno ya kwanza ya barua, na mahali pa mwilini patajwe baadaye, katika sentensi yake yenyewe. Tena barua iseme wazi kwamba sindano hudungwa mkononi. Mama akiuliza kama itamharibu kizazi binti yake, mwalimu asimrudishie jina lile lile kwa kusema kwamba kizazi hakitadhurika. Amjibu kwa kitenzi, kwamba chanjo hii haimzuii kuzaa.